Usiniambie ni vumbi tu

Wasee, posti ya leo ni ndefu. Kama uko kwa matatu na bando inaisha, iweke utaisoma ukifika. Lakini isome.

Wiki mbili zilizopita nilipakia video fupi nikiwa kando ya barabara kuu hapa Isiolo, ile ya kwenda Moyale. Nilikuwa nimeazima kipima hewa, kadude kadogo kanatoshea kwa kiganja, kanaonyesha namba ya chembe zinazoelea hewani. Nikakashika karibu na matuta, pale malori hupunguza mwendo halafu yanapiga resi tena na ule moshi mweusi. Namba ikapanda. Nikageukia kamera nikasema, "Mnaona? Haya malori yanatuua." Video ikaenda vizuri kuliko zote nilizotoa mwaka huu.

Halafu mtu mmoja akaacha komenti ya mstari mmoja tu: "Umejuaje ni malori? Si ni vumbi tu?"

Nikaanza kuandika jibu la madharau. Unajua zile. Nikaandika, nikafuta. Nikaandika tena, nikafuta. Kwa sababu ukweli ni kwamba sikuwa najua. Pale kando ya barabara kuna moshi wa dizeli, sawa. Lakini pia kuna udongo mwekundu unaorushwa na magurudumu, kuna mama anachoma mahindi hatua kumi kutoka niliposimama, na nyuma ya maduka kuna mtu anachoma takataka na plastiki zikiwa ndani. Kale kadude kaliniambia namba moja. Hakakuniambia ni ya nani.

Jioni hiyo ikawa mbaya zaidi. Mamangu anauza maziwa ya ngamia. Kama wewe ni wa hapa unajua kazi yenyewe: maziwa yanafika kutoka kwa mifugo, yanamiminwa kwa mitungi, mengine yanapandishwa basi la Nairobi usiku. Na kabla ya maziwa kuingia, mtungi unafukizwa kwa moshi wa kuni. Ndiyo inayoyapa ile ladha, na ndiyo inayosaidia yasiharibike haraka. Nikaingia na kipima hewa nikiwa bado nimekiwasha. Namba ikapanda ikapita ile ya barabarani.

Nikakizima haraka kama mtu aliyeona kitu hakutakiwa kuona.

Fikiria sasa kama ningepakia hiyo namba. Kichwa kingekuwa nini? "Mama wa maziwa wanatuua"? Hapo ndipo nilielewa kitu ambacho nataka kukisema leo, na nitakisema waziwazi: Isiolo hatuhitaji tu kuambiwa hewa ina uchafu kiasi gani. Tunahitaji kuambiwa huo uchafu umetengenezwa na nini. Namba bila majina haitusaidii, na wakati mwingine inaumiza mtu asiyefaa.

Wacha nieleze polepole. Wanaonifuata wanajua niliacha chuo mwaka wa pili. Nilikuwa nasoma kemia. Karo ilikwama, ikakwama tena, mwisho nikarudi nyumbani na simu yangu na hiki kiti mnachokiona kwa video. Sijifanyi mwanasayansi. Lakini miaka miwili ya kemia inatosha kujua tofauti ya kupima uzito na kupima muundo.

Namba mnayoiona kwa simu zenu inaitwa PM2.5. Ni jumla ya chembe zote ndogo kuliko maikromita mbili na nusu. Unene wa unywele wako mmoja ni karibu maikromita sabini, kwa hivyo hizi chembe ni nyembamba karibu mara thelathini kuliko unywele. Puani hazizuiliki. Zinashuka hadi chini kabisa kwa mapafu, na nyingine zinapenya kuingia kwa damu. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mpya mwaka 2021: wastani wa mwaka mzima usipite mikrogramu 5 kwa kila mita moja ya ujazo wa hewa. Mwongozo wa zamani ulikuwa 10. Walishusha kwa nusu kwa sababu ushahidi ulionyesha watu wanaumia hata kwa viwango vya chini.

Sasa, mikrogramu ni uzito. Chukua mizani ya duka. Weka kilo moja ya sukari, mizani itasema kilo moja. Weka kilo moja ya simiti, itasema kilo moja. Weka kilo moja ya dawa ya panya, bado itasema kilo moja. Mizani haidanganyi, lakini pia haikuambii usile.

Tena hizi vipimo vidogo vya bei nafuu hata havipimi uzito wenyewe. Ndani kuna taa ya leza na jicho la umeme. Chembe ikipita inatawanya mwanga, kifaa kinahesabu ile mimweko, halafu programu inakisia uzito. Inakisia kwa kuchukulia kwamba chembe ni za aina fulani. Na vifaa vingi vya aina hii haviioni vizuri chembe kubwa kubwa, zile za vumbi la udongo. Vinaona moshi vizuri kuliko vumbi. Sasa uko Isiolo, mji wa upepo na vumbi, na unashika kifaa kisichoona vumbi vizuri. Hiyo namba ya video yangu ilikuwa na shida kabla hata sijafungua mdomo.

Sisemi vifaa hivi ni takataka. Majirani zetu Uganda, watu wa AirQo pale Chuo Kikuu cha Makerere, wamejenga vya kwao wenyewe, wanavilinganisha na mashine kubwa ili visahihishwe, na vimesambaa miji mingi ya Afrika. Kifaa kidogo kinakuambia saa ngapi hewa imechafuka na wapi imezidi. Ni kama king'ora. Lakini king'ora hakikuambii mwizi ni nani.

Kumjua mwizi kunatumia njia nyingine, na si uchawi. Unachukua pampu inayovuta hewa kwa kasi inayojulikana, tuseme kwa masaa ishirini na manne. Hewa inapita kwa chujio dogo la duara, lenye upana kama wa kifuniko cha chupa. Chujio limepimwa uzito likiwa safi, na linapimwa tena likiwa chafu. Hapo umepata uzito wa kweli. Halafu ndiyo kazi inaanza. Chujio linapigwa na eksirei. Kila elementi ikipigwa hivyo inarudisha mwanga wa nishati yake yenyewe, kama vile kila mtu ana sauti yake. Mashine inasikiliza: hii ni chuma, hii ni zinki, hii ni salfa, hii ni risasi. Chujio la pili linapashwa moto hatua kwa hatua ili kujua masizi ni kiasi gani. Sehemu nyingine inaloweshwa kwa maji ili kuona salfeti na naitreti.

Na kila chanzo kina saini yake. Udongo una silika, alumini, kalsiamu, chuma na titani. Moshi wa kuni una potasiamu nyingi, na una aina ya sukari inayotokea tu mbao au majani yakiungua. Breki za magari huacha shaba na bariamu. Tairi huacha zinki. Mafuta yenye salfa huacha salfeti. Ukichoma plastiki za mabomba, klorini inaonekana. Ukiyeyusha betri kuu kuu za gari, risasi inaonekana.

Kuna moja ambayo iliniacha mdomo wazi nilipoisoma mara ya kwanza nikiwa bado chuo. Masizi ni masizi, si ndiyo? Meusi ya lori na meusi ya jiko yanafanana. Kumbe hapana. Mti uliokua juzi una kaboni 14 ndani yake, ile kaboni yenye mionzi kidogo ambayo vitu vyote hai huichukua kutoka kwa hewa. Nusu yake hupotea kila miaka 5,730. Dizeli imetokana na viumbe waliokufa mamilioni ya miaka iliyopita, kwa hivyo kaboni 14 yake imeisha kitambo. Ukipima masizi ya chujio, unaweza kusema kiasi hiki ni cha mafuta na kiasi hiki ni cha kuni. Yaani mashine inaweza kutofautisha moshi wa lori na moshi wa mtungi wa mamangu. Ile komenti ya mstari mmoja ina jibu.

Na usidhani haya ni mambo ya ng'ambo. Nairobi yamefanywa, tena na Wakenya. Pale Chuo Kikuu cha Nairobi kuna Taasisi ya Sayansi na Teknolojia ya Nyuklia, na mtafiti kama Michael Gatari amekuwa akishughulika na chembe za hewa kwa miaka mingi. Kati ya Mei 2008 na Aprili 2010, watafiti wa hapo wakishirikiana na wenzao wa Uswidi walikusanya machujio sehemu mbili: moja katika chuo chenyewe, katikati ya mji, na nyingine Gigiri, kwenye makao ya UNEP. Matokeo yakachapishwa mwaka 2014. Walipata vyanzo vitano: magari, vumbi la udongo, viwanda, uchomaji wa vitu, na kundi moja la mchanganyiko ambalo ndani yake kuna chembe zinazojitengeneza hewani kutokana na gesi. Magari na vumbi peke yake yalichangia karibu robo tatu. Baadaye wakapima na ile kaboni 14, na ikaonekana sehemu kubwa ya masizi ya Nairobi inatokana na mafuta, si kuni.

Soma hiyo tena. Watu wengi wangekuambia moshi wa Nairobi ni majiko ya mtaani, ni maskini na mkaa wao. Chujio likasema angalieni barabarani kwanza.

Sasa sisi. Ukiamka mapema Isiolo, kabla mawingu hayajafunga, unauona Mlima Kenya upande wa kusini. Huko juu, mita 3,678 kutoka usawa wa bahari, kuna kituo cha kuchunguza hewa. Kilianzishwa mwaka 1999, kinaendeshwa na Idara ya Hali ya Hewa ya Kenya, na ni sehemu ya mtandao wa dunia nzima. Kiko huko kwa sababu hewa ya huko ni safi, mbali na miji, na dunia inataka kujua hewa safi inabadilikaje. Ni kazi muhimu, siipingi. Lakini mimi kila nikiuangalia huo mlima asubuhi najiuliza: hewa isiyovutwa na mtu karibu yeyote inapimwa, na hii inayovutwa na mdogo wangu je? Tangu nizaliwe sijawahi kuona matokeo ya chujio la hewa ya Isiolo yakibandikwa popote, si kwa ofisi, si kwa ukuta, si kwa redio.

Mdogo wangu ana miaka saba. Amekohoa tangu ana miaka mitatu. Si kila siku, lakini ukisikia usiku unajua ni yeye. Tulimpeleka zahanati moja, sitaitaja. Yule aliyetuhudumia alimsikiliza kifua kama sekunde kumi hivi, akamwambia mamangu, "Mama, hii ni vumbi tu ya Isiolo, atazoea." Akaandika dawa ya kikohozi. Mamangu akasema asante. Tukalipa, tukatoka.

Nimefikiria sana hilo neno "tu". Vumbi tu. Ni neno linalofunga mjadala. Vumbi halina mwenyewe. Vumbi ni la Mungu, ni la ukame, ni la upepo. Huwezi kulishtaki vumbi, huwezi kuliandikia barua, huwezi kulipigia kura litoke. Kila kitu kikiitwa vumbi, basi mwenye lori bovu yuko huru, anayechoma plastiki usiku yuko huru, na afisa ambaye kazi yake ni kuangalia hayo anaweza kulala.

Na hata vumbi lenyewe si "tu". Lina quartz, na wanaofanya kazi machimboni wanajua quartz ikivutwa miaka mingi inafanya nini kwa mapafu. Tena vumbi la barabarani si udongo mtupu. Limechanganyika na vipande vya tairi, unga wa breki na mafuta. Lori likipita linalirusha tena. Hilo ni la upepo au ni la lori?

Mkitaka kuona nguvu ya kutaja jina la kitu, angalieni Mombasa. Mtaa wa Owino Uhuru. Palikuwa na kiwanda kilichokuwa kinayeyusha betri kuu kuu ili kupata risasi. Moshi ukawa unaingia kwa nyumba za watu. Watoto wakawa wagonjwa. Phyllis Omido, aliyekuwa ameajiriwa kiwandani, mtoto wake mwenyewe akaugua. Angeweza kuambiwa ni malaria, ni joto la Mombasa, ni vumbi. Lakini damu ikapimwa, na ikakutwa na madini ya risasi. Si "uchafu". Si "moshi". Risasi. Na risasi ina anwani, kwa sababu kwa huo mtaa mlango uliokuwa unaitoa ulijulikana.

Kiwanda kikafungwa mwaka 2014. Omido akapata Tuzo ya Goldman mwaka 2015. Mwaka 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi ikaamuru wakaazi walipwe shilingi bilioni 1.3. Kesi ikapinduliwa kwa rufaa mwaka 2023, halafu Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikarudisha ule ushindi. Safari ndefu, na watu walizikwa njiani. Lakini jiulize: wangefika mahakamani na nini kama wangekuwa na namba ya jumla tu? Wakili wa upande wa pili angesimama aseme, "Mheshimiwa, Mombasa kuna vumbi."

Mfano mwingine ni wa dunia nzima. Petroli zamani iliwekwa risasi. Ikawa inatoka kwa ekzosi, inaingia kwa watoto, inaharibu akili zao. Wanasayansi waliipima hewani, wakaipima kwa damu, wakaitaja. Nchi za Afrika kusini mwa Sahara zilikubaliana Dakar mwaka 2001 kuiondoa, na kufikia Januari 2006 ilikuwa imeondoka. Nchi ya mwisho duniani, Algeria, ilimaliza mwaka 2021. Kama ungeambiwa tu "magari yanachafua hewa", ungefanya nini, upige marufuku magari? Walipojua ni kitu gani ndani ya petroli, walitoa hicho kitu, magari yakaendelea kutembea.

Hii ndiyo point yangu kubwa. Ukijua muundo, unaweza kurekebisha bila kuvunja maisha ya watu. Usipoujua, unapiga ovyo, na anayepigwa ovyo siku zote ni mnyonge.

Sisi tunajua hii nchi. Siku ile mtu mkubwa ataambiwa hewa ya Isiolo ni mbaya, na hana maelezo zaidi, atafanya nini? Atamwendea mwenye malori? Hapana, mwenye malori ana namba yake ya simu. Atatuma askari wa kaunti kwa mama wa mahindi. Atatuma kwa wauza mkaa, kwa vijana wa nyama choma, kwa mafundi wa jua kali, kwa wamama wanaofukiza mitungi. Picha zitapigwa, taarifa itasomwa, hewa itabaki vilevile. Mimi napinga hilo kabla halijatokea. Mkija kwa mamangu, njooni na chujio.

Na nitakuwa mkweli: inawezekana chujio likasema mamangu ana makosa. Nimeshaona namba nyumbani. Pengine kwa mapafu ya mdogo wangu, moshi wa nyumbani ni mbaya kuliko malori yote ya Moyale. Nikipewa matokeo hayo, nitayapokea. Tutahamisha kazi ya kufukiza nje, tutajenga banda lenye bomba la moshi, tutatafuta njia. Lakini nataka kuambiwa na ushahidi, sitaki kuambiwa na mtu anayekisia kwa kuangalia nani hana wa kumtetea. Na pia inawezekana matokeo yakasema asilimia kubwa ni udongo. Sawa! Basi jibu ni miti, ni lami kwa barabara za ndani, ni kumwaga maji wakati wa ujenzi. Hilo nalo ni jibu, na lina bajeti yake. Bado si "vumbi tu".

Najua mtasema nini. Tayari mmeniambia kwa komenti. "Bro, hatuna maji, hatuna madaktari wa kutosha, ukame unamaliza ng'ombe, na wewe unataka mashine ya eksirei?"

Nasikia. Lakini sijaomba mashine. Mashine zipo Nairobi. Ninachoomba ni machujio na pampu. Piga hesabu na mimi. Weka pampu sehemu tatu: moja kando ya barabara kuu, moja ndani ya makaazi ya Bulla Pesa, moja upande ule upepo unapeleka moshi wa takataka. Huhitaji kupima kila siku. Wamarekani wenyewe kwa vituo vyao vingi hupima siku moja kwa kila siku sita, ili baada ya muda upate Jumatatu, Ijumaa, siku ya soko, zote. Kwa mwaka ni machujio 61 kila sehemu. Sehemu tatu, 183. Yote yanaingia kwa katoni moja ya viatu. Na usafiri upo: lile basi la usiku linalobeba maziwa ya mamangu kwenda Nairobi linaweza kubeba katoni, ilmradi machujio yawe yamefungwa vizuri na kuwekwa kwa baridi, na maziwa tayari yanajua njia.

Na kazi hii si hisani. Katiba yetu ya 2010, Ibara ya 42, inasema kila mtu ana haki ya mazingira safi na yenye afya. Ibara ya 35 inasema una haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali. Na Jedwali la Nne linaipa kaunti, si Nairobi, kaunti, jukumu la kudhibiti uchafuzi wa hewa. Liko kwa kifungu kimoja na kelele na mabango ya matangazo. Mabango tunaona yakilipishwa ada kila mwaka. Basi na hewa ikumbukwe, ni mstari uleule.

Tena tuna wakati mmoja tu wa kufanya hili vizuri. Huu mji unabadilika. Barabara ya Moyale imewekwa lami, uwanja wa ndege upo, na ramani za LAPSSET zina Isiolo katikati. Malori yataongezeka, viwanda vitakuja, vichinjio, gereji, labda na watu wa betri. Siku kiwanda kitakapofungua na watoto wakaanza kuugua, swali la kwanza mahakamani litakuwa: hewa ilikuwaje kabla? Usipokuwa na chujio la kabla, utapewa jibu mnalolijua. Ilikuwa hivyohivyo. Ni vumbi.

Mimi nimeanza na ninachoweza. Ile video ya malori sijaifuta, lakini nimebandika komenti juu kabisa inayosema nilikisia. Iliniuma kidogo, kwa sababu ndiyo video yangu kubwa. Pia nimeandika barua ya kuomba habari chini ya Ibara ya 35, nikiuliza kaunti kama kuna kipimo chochote cha hewa ya mji kimewahi kufanywa, kilipima nini, na matokeo yako wapi. Nimepeleka mwenyewe, wameigonga muhuri, nina nakala. Wakinijibu nitaisoma hapa yote. Wasiponijibu pia nitawaambia, na tarehe.

Sasa kazi yenu. Sihitaji emoji za moto. Nataka watu watano au kumi wa Isiolo waandike barua kama yangu. Nakala iko kwa ukurasa wangu, badilisha jina na mtaa, ipeleke, dai muhuri. Kama unasoma kemia au fizikia chuo chochote na unatafuta mada ya mradi wa mwisho, njoo tuongee. Mimi sitaumaliza mradi wangu, lakini nitakushikia pampu juani siku zote 61, na chai ya maziwa ya ngamia ni juu yetu.

Na wewe uliyeniuliza "umejuaje ni malori?", asante. Sikujua. Bado sijui. Lakini kitu kile kinaweza kujulikana, na mtu mwenye jukumu la kukijua analipwa kila mwezi.

Usiku wa jana mdogo wangu alikohoa tena. Mamangu aliamka, akampa maji. Nilimsikia akimwambia alale, ni vumbi tu. Sikumsahihisha, ilikuwa saa nane. Lakini ndiyo maana nimeandika hii.